Mstari wa 21 Uko Wapi? Jibu kwa Mama wa Likoni

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Likoni. Kijana wangu wa miaka 9 ana kifafa, na kwa miaka miwili amekuwa akinywa dawa za hospitali. Juzi dadake alikuwa akisoma Mathayo 17 kwenye simu, ile Biblia ya Kiingereza ya NIV, akaniuliza mbona mstari wa 20 unafuatwa na wa 22. Nikafungua Biblia yangu ya Kiswahili, ile ya Union, nikakuta wa 21 upo lakini umewekwa ndani ya mabano: "Lakini namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga." Mtumishi anayetuongoza maombi alisema NIV ni Biblia ya shetani, imeondoa kufunga ili watu wasifunguliwe. Akaniambia mwanangu hatapona mpaka niache dawa, nifunge naye siku 21 na tukeshe. Dawa nimeacha kumpa tangu Jumatatu. Shemeji yangu, ambaye ni Mwislamu, ananiambia, "Mnaona? Ninyi wenyewe mwakubali kitabu kimekatwa." Sijui tena niamini Biblia gani.

JIBU: Mama, nianze na mtoto, maana mstari umengoja karne nyingi na unaweza kungoja saa moja zaidi. Leo hii, si kesho, mpeleke hospitali anakochukulia dawa. Waambie ukweli, kwamba umezikatiza tangu Jumatatu, nao wakuelekeze namna ya kumrudishia. Usione haya. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla, mtoto anaweza kuanguka mfululizo bila kupata fahamu, na hilo huua. Kumkosesha usingizi nako huleta kuanguka. Kwa hiyo kesha hilo asiende, na chakula chake ale. Ukirudi, endelea kusoma.

Sasa tuuangalie huo mstari. Uko katika habari ya baba aliyemleta kwa Yesu mwanawe mwenye kifafa, baada ya wanafunzi kushindwa kumtoa pepo.

Mathayo alipoandika Injili yake hakutia namba hata moja. Namba za mistari ya Agano Jipya zilitiwa mwaka 1551 na mpiga chapa Mfaransa, Robert Estienne. Yeye alihesabu kwa kufuata maandishi ya Kiyunani yaliyokuwa yakitumika siku zake, na humo maneno ya kusali na kufunga yalikuwamo, yakaangukia namba 21. Baadaye wasomi walipata kuvichunguza vitabu vikongwe zaidi. Kimoja kilikuwa katika monasteri ya Mtakatifu Katerina, mlima Sinai, na kingine kimehifadhiwa Vatikani, vyote viwili vikiwa vya karne ya 4. Katika kile cha Vatikani mstari huu haumo. Katika kile cha Sinai mwandishi wa kwanza hakuuandika, na mtu mwingine akaja kuuongeza baadaye.

Waliotafsiri NIV wangefanyaje? Wangebadilisha namba, 22 ikawa 21, mistari yote inayofuata katika sura hiyo ingepishana na Biblia nyingine. Basi wakaiacha namba wazi, na chini ya ukurasa wakaeleza kwamba baadhi ya maandishi yana maneno yanayofanana na ya Marko 9:29. Mwambie binti yako atafute alama ndogo mwishoni mwa mstari wa 20. Akiigusa, maelezo yatafunguka. Waliotafsiri Union wao waliuweka mstari wenyewe na kuuzungushia mabano. Njia ni mbili, lakini ujumbe kwa msomaji ni mmoja: hapa vitabu vya kale havikubaliani, nasi hatukufichi. Ni haki pia niseme kwamba maandishi mengi ya Kiyunani ya karne za baadaye yanao mstari huu, ndiyo maana wapo waaminifu wanaoushikilia. Siwalaumu.

Ninayemlaumu ni huyu mtumishi, na nitasema wazi. Anadai neno limekatwa. Limekatwa na nani? Kitabu cha Sinai kiliandikwa zaidi ya miaka 1,200 kabla ya King James, ile Biblia ya Kiingereza ya 1611. Mwandishi yule angewezaje kukata kitu kutoka kwenye Biblia ambayo haijatafsiriwa bado? Swali linalopaswa kuulizwa hapa ni maneno haya yaliingiaje, na jibu lake si gumu kwa mtu aliyewahi kunakili kitu kwa mkono. Nimeshika daftari za kwaya miaka mingi. Mwimbaji ananakili wimbo, anafika ubeti wa pili, na kwa kuwa ule wimbo mwingine unaofanana nao anaujua kwa moyo, mkono unaandika maneno ya ule mwingine. Au anaandika pembeni kwa penseli, na atakayenakili kutoka kwake atayaingiza ndani kwa wino, akidhani mwenzake alisahau. Hakuna shetani hapo. Kuna mtu anayeipenda Injili, anayekumbuka jinsi Marko alivyoisimulia habari ileile.

Na Marko ndiye anayemkamata mtumishi wako. Fungua Union, Marko 9:29. Bwana anasema namna hii haiwezi kutoka kwa neno lolote isipokuwa kwa kuomba. Basi. Kufunga hakutajwa hapo, ilhali King James ina "kuomba na kufunga". Ikiwa kutokuwepo kwa neno hilo kunaifanya NIV kuwa ya shetani, basi na Union aliyoikumbatia kifuani itakuwa ya nani? Ama ameacha kuisoma, ama ameisoma na kunyamaza. Nasikia pia hupenda kuwatisha watu kwa Ufunuo 22, ile laana ya anayeondoa neno. Asome vizuri. Anayeongeza ndiye aliyetajwa kwanza.

Tena, mama, hebu tuuchukue mstari wa 21 kama ulivyo, tuseme ni wa Mathayo bila shaka yoyote. Ni nani anayeambiwa afunge? Wanafunzi ndio waliomwendea Yesu faraghani wakauliza mbona wao hawakuweza kumtoa yule pepo. Jibu liliwarudia wao: upungufu wa imani yao. Yule baba hakukemewa. Alipolia, kama Marko anavyosimulia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", alipewa mwanawe mzima. Yule kijana hakuambiwa akae na njaa hata siku moja. Kama mtumishi anaamini mstari huu kwa moyo wote, afunge yeye hizo siku 21, na mtoto wako anywe uji wake.

Kuna neno jingine humo ambalo nalipenda kwa sababu linaonyesha kazi ya mtafsiri. Pale baba anaposema mwanawe "ana kifafa", Kiyunani kinasema kitu kama "amepigwa na mwezi", kwa kuwa watu wa kale walidhani ugonjwa huu unafuata mwezi. Waliotafsiri Union wakatazama dalili, kuanguka motoni na majini, wakaandika jina tulijualo sisi. Walifanya vyema. Neno hilohilo liko katika Mathayo 4:24, na hapo wanaoletwa kwa Yesu wanatajwa mbalimbali: wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza. Kweli, katika sura ya 17 Yesu alimkemea pepo, siwezi kuligeuza hilo. Lakini yule anayekuambia kila kifafa ni pepo anabishana na sura ya 4.

Kufunga kwenyewe hakujapotea popote. "Mfungapo", alisema Bwana katika Mathayo 6, na kanisa la Antiokia lilifunga katika Matendo 13. Funga, mama, ukitaka, wewe mtu mzima mwenye afya. Dawa nazo Maandiko hayazikatai: Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la Hezekia, na Luka aliitwa tabibu mpendwa. Sisi wa pwani tuna sababu ya kuwa macho kuliko wengine. Shakahola iko Kilifi, si mbali. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa huko tangu 2023, watoto wakiwamo, na ilianza na watu kuambiwa wafunge.

Kuhusu ni Biblia ipi, nikusimulie. Nyanya yangu alikuwa mtu wa Kengeleni, na Biblia yake ilikuwa ya Kimvita, ile iliyokamilika mwaka 1914, jalada limeachia na kushonwa kwa uzi mweusi. Union ya 1952 ilipoletwa kanisani, ikiwa na Kiswahili cha Unguja, alikataa kuisoma. Alisema, "Hiki si Kitabu chetu, wametubadilishia." Aliogopa kama unavyoogopa leo, na Kitabu alichokiogopa ndicho hichohicho unachokishika wewe ukisema ndicho cha kweli. Kabla ya vyote viwili, mwaka 1844, mmisionari Krapf alikuwa amekaa hapa Mombasa akiitafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia lugha ni kadhi wa mji. Mwambie shemeji hilo, kwa upole. Na mwambie kwamba mwenye nia ya kuficha hachapishi mabano.

Soma Union, ndiyo tunayoikariri. Iweke Biblia ya Habari Njema kando yake pale Kiswahili cha Union kinapokuwa kizito, na NIV binti asiifute. Mkiona zinatofautiana, someni maelezo ya chini kwanza, kisha nipigieni.

Kijana akianguka tena, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, ondoa vigumu vilivyo karibu. Usimtie kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu. Tazama saa. Zikipita dakika 5 hajatulia, au akianguka tena kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali, na kama ni usiku usingoje kupambazuke. Siku ya kliniki yake nitavuka feri nije tuende pamoja. Mtumishi akiuliza ni nani aliyekuambia umrudishie dawa, mpe namba yangu.