Toka Nje Mara Moja kwa Siku: Ushauri kwa Wenye Mtoto Mchanga Katika Majira ya Kuchipua

Wazazi wanaojaliwa mtoto mwishoni mwa majira ya baridi huambiwa na kila mtu kwamba wana bahati, kwa kuwa mtoto atakua pamoja na siku zinazorefuka na hewa inayozidi kuwa ya upole. Sipingi maneno hayo, ila wanaoyasema hawataji kwamba majira ya kuchipua ni majira ya kigeugeu: asubuhi baridi inang'ata, adhuhuri jua linachoma, jioni upepo umerudi, na mvua inaweza kupita katikati bila kubisha hodi. Mtu mzima huvua koti akaendelea na safari yake, lakini mtoto wa wiki chache hawezi kuvua chochote, hawezi kusema kama anaona joto au baridi, na mwili wake bado haujamudu kujirekebishia joto. Ndiyo maana familia nyingi hujifungia ndani zikisubiri majira ya joto. Sisi tulifuata njia nyingine, nayo ndiyo ninayowashauri wazazi wenzangu: ipange siku nzima kwa kufuata jambo moja tu, yaani kutoka nje mara moja pamoja na mtoto, hata kwa muda mfupi, na kazi za nyumbani ziisubiri safari hiyo badala ya safari kuzisubiri kazi.

Nasema hivyo kwa sababu kazi za nyumba yenye mtoto mchanga haziishi. Mtoto hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na kila anyonyapo hufuata kubeulishwa, kubadilishwa nepi na kubembelezwa, hata ukimaliza zamu moja nyingine imekaribia. Anayengoja vyombo vyote vioshwe ndipo atoke, atatoka jua likizama. Mke wangu nami tulikubaliana kwamba tutaondoka mara tu mtoto anapomaliza kunyonya baada ya baridi ya asubuhi kupungua, iwe saa ngapi, na mkoba wenye nepi, nguo za akiba, vitambaa na kofia ukawa unapangwa usiku na kuwekwa mlangoni. Mkoba unaopangwa wakati wa kuondoka huchukua muda ule ule ambao mtoto angekuwa ametulia, na akianza kulia tena safari imekufa.

Suala la mavazi ndilo lililozua mjadala mrefu zaidi nyumbani kwetu. Kanuni inayofaa ni kumvika nguo nyepesi kadhaa badala ya moja nzito, na kwa jumla azidishiwe nguo moja tu kuliko mtu mzima aliye naye hapo. Kama amebebwa kifuani, apunguziwe, maana anapata joto la mwili wa anayembeba. Mama mkwe wangu, kama wazee wengi wenye upendo, alikuwa akishika vidole vya mtoto na kutangaza kwamba anaganda. Nikawa namwambia, "Mama, hebu mshike nyuma ya shingo kwanza." Mikono na miguu ya mtoto mchanga huwa ya baridi hata akiwa na joto la kutosha, kwa hiyo haiwezi kuwa kipimo, kipimo ni kifua au nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, vua nguo moja bila kusita. Mkishaingia ndani ya nyumba, dukani au kwenye basi lenye joto, mvue kofia na nguo ya juu papo hapo, hata kama atazinduka, kwa sababu mtoto hupoteza joto jingi kupitia kichwani na kofia humzuia kupoa.

Jua la majira haya linadanganya. Ukali wa miale yake hutegemea jinsi jua lilivyopanda juu angani, wala hautegemei joto la hewa. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, jua la mwishoni mwa Aprili hupanda juu sawa na lile la nusu ya pili ya Agosti, ingawa hewa ya Aprili bado inakutaka uvae sweta. Mtoto aliye chini ya miezi 6 anapaswa kukaa kivulini na kukingwa kwa nguo nyepesi na kofia yenye ukingo mpana, badala ya kutegemea mafuta ya kukinga jua. Hapo wengi hufanya jambo linaloonekana la busara na kumbe ni la hatari: hufunika kigari cha kumsukumia mtoto kwa blanketi au kwa kitambaa chepesi. Kitambaa hicho, hata kiwe chembamba namna gani, huzuia hewa kupita, na joto ndani ya kigari hupanda haraka huku mzazi haoni uso wa mtoto. Mwavuli mdogo unaobanwa pembeni ya kigari hutoa kivuli bila kuziba hewa. Na kwa kuwa mtoto hatakiwi kuanikwa juani, usihesabu kwamba matembezi yatampatia vitamini D. Watoto wanaonyonya maziwa ya mama kwa kawaida hushauriwa kupewa matone yenye mikrogramu 10 kwa siku, na muuguzi wa kliniki ataeleza yanayofaa.

Kwa wanaosafiri kwa gari, neno ni moja: mvue koti nene kabla ya kumfunga mikanda, kwa kuwa koti hubonyea ajali inapotokea na kuiacha mikanda ikiwa imelegea. Mfunike blanketi juu ya mikanda, kisha liondoe gari likipata joto.

Faida kubwa ya kutoka, kwa maoni yangu, huonekana usiku. Mtoto huzaliwa bila kujua tofauti ya usiku na mchana, na saa ya mwili wake huanza kujipanga anapokaribia umri wa miezi 2 au 3. Mwanga wa mchana huisaidia kujipanga, na giza la usiku vilevile. Kwa hiyo mchana tuliacha mapazia wazi na sauti za nyumba ziendelee kama kawaida, na usiku tulinyonyesha na kubadilisha nepi kwa taa hafifu, bila mazungumzo wala michezo. Majira ya kuchipua yana usumbufu wake hapa, kwani jua huchelewa kuzama na huwahi kuchomoza. Pazia zito la usiku ni manunuzi ambayo sijayajutia. Ulaya saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na sehemu kubwa ya Marekani Jumapili ya pili ya mwezi huo huo, lakini mtoto wa wiki chache hana habari na saa ya ukutani. Anayeumia ni mzazi peke yake. Chumba nacho kiangaliwe, kwa sababu kifaa cha kupasha joto kilichowekwa kwa ajili ya Januari huendelea kufanya kazi Aprili bila mtu kukumbuka. Nyuzijoto 16 hadi 20 zinatosha, na mtoto alale chali, kwenye godoro lake gumu na bapa lisilo na mito, katika chumba cha wazazi kwa miezi 6 ya mwanzo.

Hewa ikishakuwa nzuri, wageni nao huchipua. Wakaribisheni nje. Mkiketi bustanini, maambukizi hupungua, mgeni hakai hadi usiku, na hakuna anayelazimika kusafisha sebule. Mwenye kikohozi aombwe kwa upole aahirishe, maana kifaduro ni ugonjwa mzito kwa mtoto ambaye bado hajakamilisha chanjo. Kama mna mtoto mkubwa, mpeni yeye uamuzi wa njia ya kupita siku hiyo. Wivu hupungua sana kwa mtoto mwenye cheo.

Liko jambo ambalo watu hulikwepa. Jua likiwaka na maua yakichanua, mama aliyejifungua hutarajiwa naye achangamke, na asipochangamka huona aibu mara mbili. Machozi na hisia za kupanda na kushuka ni vya kawaida katika wiki 2 za mwanzo. Huzuni ikizidi hapo, au akakosa usingizi hata mtoto anapolala, au akaona kwamba hana maana kwa mtoto wake, huo ni ugonjwa unaotibika na daktari aonwe, wala matembezi si dawa yake. Hali hiyo huwapata akina baba pia. Zipo siku ambapo mimi na mtoto tulitoka wenyewe ili mama yake alale, na nadhani zilikuwa na thamani kuliko safari zote tulizokwenda pamoja.

Siku za mvua, kusimama mlangoni au kwenye dirisha lililo wazi mkiwa mmejifunika kunatosha. Siku ambayo mtoto ameamka amelegea, anakataa kunyonya au nepi zake zinabaki kavu kwa muda mrefu, achaneni na matembezi na mpimeni joto. Aliye chini ya miezi 3 akifikia nyuzijoto 38 apelekwe kwa daktari mara moja, hata kama ni usiku wa manane na hata kama anaonekana ametulia. Hata joto lake likiwa la kawaida, mtoto aliyelegea au anayekataa kunyonya aonwe na daktari siku hiyo hiyo.