Kulia mbele ya Mungu: maswali yenu ya juma hii

Maswali imekuja mingi na karibu yote inazunguka fasi moja, nimechukua ine ya batu ba hapa Goma.

Mama wa Majengo: Mume wangu alikufa mwaka jana. Pasta anasema mukristo anapashwa kufurahi siku zote, Wafilipi 4:4. Nikilia kanisani ninafanya zambi?

Apana mama, na pole sana. Mustari ni ya kweli lakini batu banaikataka kama mukate, banakula ya katikati tu. Paulo aliandika ile barua akiwa mu kifungo, na mu barua ile ile, 2:27, anasema kama Epafrodito angekufa yeye angepata huzuni juu ya huzuni, kisha ku 3:18 anasema anaandika na machozi. Sasa mutu analia na anasema furahini, ile furaha haiwezi kuwa kujikaza mbele ya batu! Na Yesu alilia ku kaburi ya Lazaro, na alijua atamufufua kisha dakika kidogo tu. Lia mama. Mwenye anakunyamazisha umuonyeshe Warumi 12:15, lieni pamoja nao waliao, ile njo inasahauliwaka juu haiko ya kupigia makofi.

Kijana wa Buhene: Usiku wa 22/05/2021 volkano ya Nyiragongo ilikula nyumba yetu. Mungu alikuwa wapi?

Ndugu yangu, mimi pia nilikuwa mu njia usiku ule, mbingu nyekundu kabisa, nimebeba sufuria ya maharagi yenye haijaiva juu ile njo mikono ilikamata (hadi leo kwetu bananichekaka). Tulipumzika kando ya barabara na ba mama bengine, mumoja akatoa kitenge yake akafunika mutoto wangu, kitenge inanuka moshi na samaki ya sambaza, yeye akabaki anatetemeka na baridi na anaimba polepole, hata sauti ilikuwa imekauka. Juu ya nini moto ilishuka kwenu na haikushuka kwa jirani, sitakudanganya kama ninajua, na mwenye anakuambia anajua umukimbie. Lakini ukiniuliza Mungu alikuwa wapi, mimi naonaka ile kitenge. Soma Danieli 3: bale vijana batatu walitupwa mu tanuru, na mufalme akahesabu batu bane ndani. Wa ine hakubangojea inje. Bao hawakuungua, nyumba yenu iliungua, kwa hiyo sisemi ni sawasawa, ninakuonyesha tu fasi Mungu alisimama.

Mateso ni malipo ya zambi ya mutu?

Banafunzi waliuliza Yesu ile juu ya kipofu, Yohana 9, akasema apana. Marafiki ya Ayubu nao, siku saba ya kwanza walikaa naye chini kimya, njo kazi ya muzuri walifanya. Walifungua kinywa kusema mateso ni juu ya zambi yake, bakaharibu, na ku Ayubu 42:7 Mungu anabakasirikia.

Papa wa Himbi: Nilikuwa natumika ku benki, tangu benki za hapa Goma zilifungwa mu 2025 niko nyumbani. Siwezi tena kuomba, maneno inakatika.

Papa, fungua Zaburi 88. Zaburi mingi inaanzaka na kilio inaisha na sifa, lakini hii inaisha mu giza, na hakuna mutu aliitoa mu Biblia. Usomee Mungu hiyo kwa sauti, maneno iko tayari, si lazima utafute yako. Ikishindikana, Warumi 8:26 inasema Roho anatuombea kwa kuugua kwenye hakuna maneno, basi ukae tu na kikombe yako ya chai, pia ni maombi. Kisha siku ya repetisyo ya korali uende, usiimbe, ukae nyuma, bengine babebe wimbo. Mimi nilifanya vile miezi mbili kisha ile volkano. Mukubwa wa korali hakuniulizaka kitu, alikuwa ananisogezea tu kiti.