Kichocheo kama hakitumiki, kimewekwa cha nini?

Swali limetoka kwa fundi magari wa hapa Ngamiani, Tanga: "Shikamoo mwalimu. Sisi gereji kile kitu cha kwenye ekzosi tunakiita masega, sasa kijana wangu anasoma kemia ananambia mule ndani kuna kichocheo, na daftari lake limeandikwa 'kichocheo huharakisha mmenyuko lakini chenyewe hakitumiki'. Kama hakitumiki kimewekwa cha nini? Na kichocheo na uchochezi si neno moja?"

Marahaba fundi. Hilo la kwanza umelishika penyewe, manake sentensi hiyo naiona kwenye madaftari mengi na inaniuma kweli. Kutumika kuna maana mbili, kuna kufanya kazi, alafu kuna kwisha kama tunavosema hela zote zimetumika. Aliyeandika alitaka ya pili, we umesoma ya kwanza, na hujakosea. Aandike "hakipungui". Asiandike "hakiishi", manake kuisha na kuishi zikikanushwa zinafanana herufi kwa herufi, mtu atadhani tunazungumzia uhai.

Sasa neno lenyewe. Kuchochea ni la jikoni, mama anapika ubwabwa kwa kuni, moto umefifia, anazisukuma kuni ndani ya mafiga cheche zinaruka, hapo kachochea. Picha nzuri ila ina mtego, kuni zilizosukumwa zinaungua zinakuwa majivu, na moto unapata kitu cha kula. Kichocheo cha kemia hakiongezi joto wala hakiungui, kinachofanya ni kuupa mmenyuko, yaani kemikali kugeuka kuwa kemikali nyingine, njia nyepesi, pale palipohitaji nguvu nyingi kuanza panahitaji kidogo. Mkemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, alipolipa jambo hili jina mwaka 1835 alichukua neno la Kigiriki la kulegeza, kufungua. Wao wamelegeza sisi tumechochea, na kwa kweli hapo Wagiriki wamekaribia zaidi, ila kichocheo limeshazoeleka na mimi nalitetea kuliko katalisti.

Ushahidi unao mwenyewe gereji. Ukiyakata yale masega unaona vitundu vidogo vidogo vingi kama vya nyuki, kuta zake zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu kidogo sana. Moshi unapita, kaboni monoksaidi ile inayoua mtu inageuka kaboni dioksaidi, na madini yanabaki palepale miaka. Yanaweza kuharibika lakini, petroli ya zamani yenye madini ya risasi inayafunika moshi ukakosa pa kugusa, ndo maana gari zenye masega zinataka petroli isiyo na risasi.

Kwenye viwanda vya kusafisha mafuta ni hivohivo. Mafuta mazito yanakutanishwa na unga wa zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno, ndo kichocheo chenyewe, kwenye joto la kama nyuzi 500, molekuli za mafuta ambazo ni minyororo mirefu zinakatika zinakuwa mifupi, ndo petroli hiyo. Ule unga unatoka mweusi umejaa masizi ya kaboni, wanayachoma, unarudi kazini saa hiyohiyo. (Watu wananiuliza sana kuhusu bomba la kutoka Hoima, Uganda, lile la kuleta mafuta ghafi Chongoleani hapa Tanga yapakiwe melini, kukatwa huko kwa minyororo kutafanyika hukohuko yanakoenda.)

La uchochezi, ndio, mzizi mmoja, chochea. Ila mwisho wa neno ndo unaamua: -o imetupa kitu, kichocheo, na -zi imetupa mtu na tabia yake, mchochezi, uchochezi, lugha ya kichochezi. Kwa hiyo ukisema "kemikali ya kichochezi" unaipeleka mahakamani. Redioni utasikia pia "vichocheo vya mwili", hizo ni homoni, hapo mi nasema tu homoni tusichanganye watu, na vile vya kusaga chakula tumboni vina jina lao zuri kabisa, vimeng'enya.

Na masega endeleeni kuyaita masega, ni jina la umbo, la ile nyumba yenye vitundu. Kichocheo ni yale madini yaliyopakwa ukutani.