Moyo hauamrishwi: kwa wanaoanza kuzamia kwa pumzi moja

Kila mgeni huniuliza afanye nini ili mapigo ya moyo yapungue. Takriban hakuna cha kufanya. Moyo hauamrishwi. Unachoweza ni kuacha kuuchokoza, kisha maji yafanye kazi yake.

Na huifanya kweli. Ukibana pumzi na uso ukazama, hasa paji, macho na pua, neva za usoni hupeleka habari kwenye ubongo, nao huushika moyo breki kupitia neva ya vagasi, ile itokayo kwenye ubongo hadi kwenye moyo. Mishipa ya damu ya mikononi na miguuni hujibana ili damu ibaki kwa moyo na ubongo. Sili, wale wanyama wa baharini, wametuzidi mbali kwa hili, lakini nasi tunalo. Maji yakiwa baridi ndiyo zaidi, kwa hiyo kabla ya mbizi ya kwanza mimi huvua miwani nikaloweka uso kidogo.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuhema. Nilivuta pumzi kubwa za harakaharaka, kama 30 hivi, nikidhani najaza akiba. Siku moja nikaweka vidole viwili shingoni kabla ya kuzama: mapigo 26 kwa sekunde 15. Yaani 104 kwa dakika, na bado sijapiga hata teke moja! Tena akiba yenyewe ilikuwa ya uongo. Damu ya mtu mzima wa afya huwa tayari imejaa oksijeni karibu yote. Unachofukuza ukihema ni kaboni dioksidi, ile inayokusukuma utake kupumua. Oksijeni inakwisha nawe unajiona uko salama. Mimi nilizimia nikiwa nimeshatoa kichwa juu ya maji, natabasamu. Mwenzangu ndiye aliyenidaka kidevu.

Siku hizi nalala kifudifudi juu ya maji, mrija wa kupumulia mdomoni, kwa dakika mbili au tatu. Navuta kwa hesabu ya nne, natoa kwa nane, pumzi za kawaida tu. Moyo huenda kasi kidogo unapovuta na hupoa unapotoa, ndiyo maana natoa polepole. Nakagua taya, mabega, vidole. Taya ndiyo msaliti mkubwa. Utajikuta umeuma mrija kama mfupa. Halafu navuta pumzi moja iliyojaa na kuzama. Hapo moyo utaruka kidogo kwanza. Usishtuke, utatulia wenyewe.

Usiutibue tena kwa mateke. Mkanda wa uzito, ule wenye vipande vya madini ya risasi vya kukusaidia kuzama, uwe mwepesi kiasi kwamba ukitoa pumzi ya kawaida bado unaelea, ila usiwe mwepesi mno hadi upigane na mita za kwanza. Kahawa iache hadi umalize. Saa za mkononi za kupima mapigo usiziamini sana chini ya maji: mishipa ya mkono imejibana, nazo husoma ovyo.

Mwenye tatizo la moyo aonane na daktari kwanza. Na hakuna kuzamia peke yako, hata bwawani, hata kina cha kiuno. Ukiibuka, vuta pumzi haraka na uitoe kidogo tu, mara tatu nne, huku mwenzako akikukodolea macho kwa sekunde 30. Kisha pumzika angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Wageni wengi hawaipendi sehemu hii, wanataka kurudi mara moja. Ndipo vidole virudi shingoni, uhesabu.