Jibu: Je, kulipia usambazaji wa taarifa kwa vyombo vya habari mtandaoni kunalipa?

Ndugu, umeuliza kama ukilipia tovuti ya kusambaza taarifa kwa vyombo vya habari utapata wateja na kupanda Google. Kwa upande wa Google, tunza hela yako. Tangu 2013 wenyewe wameweka wazi kwamba viungo vya kubofya (linki) vilivyojazwa maneno ambayo watu huyatafuta Google, ndani ya taarifa hizo, wanavihesabu kuwa hila. Havikupandishi, na vinaweza kukuponza.

Faida utaipata kupitia mwandishi wa habari, naye anasoma kichwa na aya ya kwanza, basi. Niliwahi kumwandikia fundi mmoja "Kampuni yetu ina furaha kutangaza huduma mpya". Kimya. Tukabadilisha: "Fundi kushona bure viatu vya wanafunzi wiki ya kufungua shule". Siku hiyohiyo akapigiwa simu. Nani, nini, lini, wapi, vyote vikae juu kabisa. Weka picha moja safi na namba ambayo kweli inapokelewa. Nimeona habari nzuri ikipotea kwa sababu simu iliita tu, na inauma.

Badala ya kurusha kwa watu mia, tafuta waandishi watano wanaogusa biashara ya aina yako, soma kazi zao, kisha mwandikie kila mmoja kwa jina lake. Maandishi yabandike ndani ya barua pepe yenyewe, usiyaambatishe kama faili. Nakala iweke kwenye tovuti yako, maana mteja hukuchunguza kabla ya kutoa pesa.

Kama mwezi huu huna jambo jipya, subiri.