Usitoe thamostati ukaacha wazi, badilisha

Kaka, kama RAV4 yako ya 1998 inapandisha mshale wa joto na fundi kakwambia "tuitoe tu, huku kuna joto", mkatalie. Bila thamostati, yaani ile vali inayozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate joto, injini inachelewa kufika joto lake, inakula mafuta zaidi na inachakaa mapema. Mpya haigharimu sana na unaifunga mwenyewe nyumbani.

Subiri injini ipoe kabisa, nasisitiza, maji ya rejeta yanababua. Mwaga kulenti, yaani yale maji maalumu ya kupoza injini, kwenye beseni. Fuata mpira wa chini wa rejeta mpaka unapoingia kwenye injini, utaona kifuniko chenye nati mbili, na thamostati imekaa humo ndani.

Kabla ya kufunga mpya, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, uyachemshe. Ya 82°C itaanza kufunguka maji yakikaribia kuchemka. Isipofunguka, irudishe dukani. Mimi niliwahi kuuziwa mpya iliyogoma, sufuria ndiyo iliyoniokoa.

Visha ringi mpya ya mpira kwenye ukingo wake, silikoni haihitajiki. Kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu, ndiko hewa inakotokea. Wengi hukosea hapo.

Jaza kulenti, siyo maji ya bomba. Washa gari mfuniko wa rejeta ukiwa wazi na hita imewashwa, uongeze kulenti kadiri inavyoshuka, mpaka mapovu yaishe na ule mpira wa chini upate moto.

Mshale ukiendelea kupanda baada ya hapo, kagua feni na rejeta.