Jibu: Mtoto wa miaka 3 mwenye usonji haigi ninachomwonyesha

Dada, badala ya kumwambia "fanya hivi", anza kumwiga wewe. Kaeni sakafuni mkitazamana, mkiwa na vitu viwili viwili vinavyofanana: magari, vikombe, ngoma. Akizungusha gurudumu, nawe zungusha la kwako, ukisema "zunguka!" tu. Akianza kukutupia jicho aone utafanya nini, onyesha kitendo kimoja kipya kwa kitu hichohicho, kila dakika moja au mbili. Asipokiiga, kirudie hadi mara 3. Bado asipoiga, mwongoze mkono taratibu, msifu, mwachie mchezo wake. Wazazi wengi huanzia kwenye makofi na kupunga mkono, kumbe ishara zisizo na kitu mkononi kwa kawaida ndizo ngumu zaidi kwa watoto hawa. Na usimshike kidevu ili akutazame, atakukimbia.